Bado Upo?

Jijini Dar es Salaam, mtu akikwambia kwenye simu "niko njiani," amekwambia moja kati ya mambo matatu. Huenda kweli yuko njiani. Huenda anafunga mlango wa chumba chake. Huenda ndiyo kwanza anatafuta taulo aende kuoga. Tumezoea kupima kwa sauti zinazosikika nyuma yake: tukisikia honi na konda anayeita abiria, tunaamini, tukisikia maji yanajaa kwenye ndoo, tunaagiza chai ya pili. Hakuna anayeuita huo uongo. Atakayeuita hivyo ataambiwa ana mambo ya Kizungu.

Mimi linanikera. Wala si hilo peke yake. Nakereka na anayenipigia simu, nikipokea ananiuliza, "Nani mwenzangu?" Nakereka na anayefungua kila sentensi kwa "kiukweli," hata sentensi ya kuagiza chapati. Nakereka na anayenyoosha mkono ukumbini, akasema ana swali dogo tu, halafu akahutubia dakika kumi pasipo kuuliza chochote. Nakereka na abiria anayeangalia video fupi kwenye simu kwa sauti ya juu, tena asiyemaliza hata moja: sekunde tano za muziki, sekunde tatu za mahubiri, kicheko, kisha muziki tena. Nakereka na "Umenenepa!" inayorushwa kutoka ng'ambo ya barabara, mbele za watu, kama salamu.

Rafiki yangu mmoja aliisikia orodha hii akasema nina mambo madogo. Dunia ina njaa na vita, nami nahesabu video za watu kwenye daladala. Hoja yake ina uzito, ila nadhani amekosea mahali maadili yanapoishi. Wengi wetu hatutapata kamwe nafasi ya kuanzisha vita wala ya kuizuia. Tutapata nafasi ya kukaa karibu na mtu tusiyemjua kwenye kiti cha daladala, asubuhi na jioni, kwa miaka mingi. Tutapokea simu, tutasalimia, tutasubiri na tutasubiriwa. Kama maadili yana kazi yoyote katika maisha ya mtu wa kawaida, sehemu kubwa ya kazi hiyo iko humo. Kwa hiyo swali linalonisumbua si kama haya ni madogo. Ni kama kero zangu zinaniambia ukweli wowote kuhusu watu wengine, au zinaniambia tu kwamba nimechoka.

Orodha kama yangu si ngeni. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyerithi shule ya mwalimu wake huko Athens, aliandika kitabu kidogo chenye picha 30 za watu wenye tabia mbovu. Yumo mpiga domo asiyenyamaza. Yumo asiyejua wakati: huyu humwendea mtu aliyebanwa na kazi ili amwombe ushauri, humwimbia mpenzi wake siku ambayo mpenzi ana homa, na akialikwa harusini huanza kuwasema vibaya wanawake. Yumo asiye na haya, ambaye hurudi kukopa kwa mtu yuleyule aliyemdhulumu jana. Wabadilishie mavazi tu, ni watu wa Kariakoo.

Kinachonivutia katika kitabu hicho ndicho pia kinachonitia shaka. Wote wamewekwa kapu moja, anayechosha masikio na anayedhulumu. Kero ndivyo ilivyo, haipangi. Mwili unapandwa na joto lilelile kwa mtu aliyesema "mbari" badala ya "mbali" na kwa mtu aliyekuacha umesimama juani saa nzima. Ukilifuata joto hilo kama mwongozo, utawahukumu wote sawa.

Kwa hiyo nimejaribu kuzipanga kero zangu kwa swali moja: nani analipa? Mtu anaposema au kutenda lile linalonikera, kuna kitu kinachotoka kwa mtu mwingine, iwe muda, usingizi, heshima au amani? Au kinachoumia ni sikio langu tu?

Fungu la kwanza likajaa haraka. "Kiukweli" haimgharimu mtu kitu. Wala "yaani," wala "mimi kama mimi," wala "kitabu yangu," wala kuchanganya r na l. Hili la mwisho lina historia yake. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi sauti hizo mbili kama Kiswahili sanifu kinavyozitenganisha, kwa hiyo mtu aliyekulia katika lugha hizo anazileta alivyozipokea kwa mama yake. Na hicho Kiswahili sanifu chenyewe hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa iwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wasemaji wa Kimvita, wenye ushairi wa karne kadhaa, waliamka wakakuta usemi wao umewekwa pembeni ya usanifu, pale pale Mombasa mkutano ulikofanyika. Ninaposikia "mbari" na kukunja uso, ninachosikia ni uamuzi wa kamati na fimbo ya mwalimu wa darasa la nne.

Mtu atasema: sawa, lakini kukunja uso nako hakumgharimu mtu. Inategemea uso huo umekunjwa wapi. Katika semina yetu ya mwaka wa kwanza wa uzamili alikuwepo mwenzetu mmoja kutoka Kanda ya Ziwa. Alikuwa akitafiti lugha inayotumika kwenye mikutano ya kampeni, kwa hiyo hakuwa na namna ya kulikwepa neno "kura." Siku ya kuwasilisha alisema "kupiga kula." Mtu wa nyuma akauliza, "Kula gani, ya wali au ya ugali?" Darasa likacheka. Yeye pia alicheka, akaendelea, akalisema tena, wakacheka tena. Alikuwa amezunguka mikutano kadhaa na kinasa sauti, na alikuwa na data ambazo hakuna mwingine pale ndani aliyekuwa nazo. Tangu siku hiyo hadi muhula ulipoisha hakunyoosha mkono. Akiulizwa jambo alijibu kwa ufupi, na nikagundua kwamba anachagua maneno: alisema "uchaguzi" hata pale ambapo angehitaji kusema "kura."

Tulizoea kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa na tatizo la matamshi. Ukiuliza nani alilipa, jibu linageuka. Matamshi yake hayakumpunguzia mtu kitu. Kicheko kilimwondolea sauti yake kwa miezi mitatu, na sisi tuliobaki kikatunyima yale aliyokuwa anayajua. Hapo mwenye kero ndiye aliyedhulumu. Fungu la kwanza, basi, ni la kero ambazo hazistahili kutoka mdomoni. Mtu anaweza kuzihisi, kama anavyohisi mwasho, lakini hazimpi haki yoyote juu ya mtu mwingine.

Fungu la pili ni tofauti. Video za kwenye daladala zinachukua masikio ya watu thelathini ambao hawawezi kuondoka. "Niko njiani" inachukua saa nzima ya mtu aliyeamini. Lakini hata humu si kila hasara inatukera kwa kiwango kimoja, na kuna mwanafalsafa aliyeeleza vizuri kwa nini. Katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1962 kuhusu uhuru na kinyongo, P. F. Strawson alitoa mfano wa mtu anayekukanyaga mkono. Maumivu yanaweza kuwa yaleyale, awe amekukanyaga kwa bahati mbaya au kwa sababu kwake wewe ni kama haupo. Ila katika hali ya pili kuna kitu kinauma zaidi ya mkono. Tunajali sana wengine wanatuchukuliaje, na matendo yao madogo hutuletea habari hiyo.

Tatizo ni kwamba mwenye video hana ujumbe kwetu. Hatuchukii. Hajatufikiria. Na akiambiwa, hicho ndicho kitakuwa kinga yake: "Sikujua," "sikukusudia," "wala sikufikiria." Katika mazungumzo yetu ya kila siku kinga hii inakubaliwa karibu kila mara. Nimejiuliza sana kama inastahili. Kutofikiria ni udhuru, au ndilo kosa lenyewe?

Nadhani jibu linapatikana ukimfuata mtu huyo akishuka kituoni. Anaingia ofisini. Anapita mlango wa mkurugenzi, anapunguza sauti, anaweka simu mfukoni. Mkurugenzi akimwambia wakutane saa nne, saa tatu na nusu ameshafika na shati limepigwa pasi. Hasemi "niko njiani" akiwa bafuni. Hamuulizi mkurugenzi "nani mwenzangu?" Na mkurugenzi akirudi likizo na kitambi, hamwambii kwa sauti, mbele ya mapokezi, kwamba amenenepa. Kumbe anajua kila kitu. Anajua kwamba sauti inasumbua, kwamba muda wa mtu ni mali, kwamba mwili wa mtu si mada ya wote. Uwezo wa kufikiria wengine anao. Ila anaugawa, na kwenye daladala hakubakiza.

Ndiyo maana siukubali tena udhuru wa "sikufikiria" kirahisi. Ungekuwa upofu, ungekuwa upofu wa pande zote. Huu unachagua: unaona vizuri ukitazama juu, na unafifia ukitazama pembeni na chini. Kughafilika kwetu kuna anwani.

Nina msimamizi wa tasnifu ambaye ni msomi mzuri na mtu mcheshi. Siku moja aliniambia nifike saa tatu asubuhi na sura ya pili ya kazi yangu. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Aliingia, akatoka, akaenda kwenye kikao, akarudi na mgeni, akatoka naye kwenda kula. Saa nane mchana alipita tena akaniona. "Aa," akasema kwa mshangao wa kweli, "bado upo?" Hakukuwa na dharau katika sauti yake. Alinishangaa kama mtu anavyoshangaa kukuta mwavuli aliousahau. Kwenye benchi lile tumekaa wengi, na tukikutana tunasimuliana "bado upo" zetu kwa vicheko. Wapo waliosafiri kutoka mikoani.

Ninachotaka kuonyesha hapa ni kile kicheko chetu. Saa tano za mtu mzima zimepotea, nasi tunaifanya hadithi ya kuchekesha. Siku hiyohiyo, jioni, daladala ikichelewa kuondoka kituoni dakika sita kwa sababu konda anasubiri abiria wawili zaidi, abiria walewale, wasomi na wasio wasomi, watamwita konda mpumbavu, mwizi, asiye na shule. Dakika sita dhidi ya saa tano. Kama kero ingekuwa inapima hasara, tungeitoa kwa mpangilio tofauti. Lakini kero nayo ina anwani. Tunaimeza ikitoka juu na kuitema panapoteremka. Konda haandiki barua ya kukupendekeza.

Kwa hiyo mizani ninayoitumia siku hizi ina pande mbili. Kwa jambo linalonikera kwa mwingine: ningethubutu kukerwa nalo kama lingefanywa na mwenye mamlaka juu yangu? Kwa jambo ninalotaka kufanya: ningelifanya mbele ya mtu ninayemhitaji? Swali la pili ndilo gumu, kwa sababu linaondoa udhuru wa kutojua.

Lipo fungu la tatu, na hili ndilo lililonifanya nianze kuandika. Ni maneno tunayosemezana kwa upendo.

Dada yangu aliolewa miaka sita iliyopita. Tangu mwaka wa kwanza, kwenye kila kikao cha harusi, kila arobaini, kila Idi, aliulizwa. "Vipi, mbona kimya?" "Tunasubiri mjukuu." "Au mnabana matumizi?" Alikuwa na majibu yake tayari, kama mtu anavyotenga nauli kamili mkononi kabla konda hajafika: "Tuombeane." "Mungu akipenda." "Haraka ya nini?" Kati ya maswali hayo, mimba yake iliharibika mara mbili. Mara ya pili ilikuwa wiki tatu kabla ya harusi ya binamu yetu, na pale harusini, akiwa ameshika sahani ya pilau, aliulizwa na watu wanne. Niliwahesabu kwa sababu nilikuwa nimekaa naye. Mwaka uliofuata aliacha kuja kwenye harusi. Watu wakasema kiburi, kwa kuwa mumewe amepata kazi nzuri.

Hapa uchambuzi wa "nani analipa" ni rahisi mno, na ndiyo maana hautoshi. Maana aliyeongoza kwa kuuliza alikuwa mama yetu mdogo, na mama mdogo huyohuyo ndiye aliyeamka alfajiri, dada alipolazwa, akapika uji wa ulezi na kupanda daladala mbili hadi hospitalini. Alifanya hivyo siku zote nne. Sijui mtu mwingine aliyempenda dada yangu kwa miguu kiasi kile. Anayesema kwamba maneno ya mtu hutoboa siri ya moyo wake anieleze moyo wa mama mdogo.

Utetezi wa kawaida ni kwamba haya ni mila, na mimi sitaki kuupuuza. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alieleza kwamba maneno mengi tunayosemezana hayakusudii kupasha habari. Kazi yake ni kuwaweka watu pamoja. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." "Za nyumbani?" "Nzuri." "Watoto?" "Hawajambo, ila huyu mdogo amelazwa." Kwanza nzuri, ndipo ukweli. Anayejibu "mbaya" moja kwa moja amevuruga utaratibu, kwa sababu swali halikuwa swali. Lilikuwa mkono ulionyooshwa. Mama mdogo alipouliza "mbona kimya?" alikuwa akinyoosha mkono huohuo. Kwake ilikuwa sehemu ya salamu, kama kuuliza habari za mvua. "Umenenepa" nayo, kwa watu wa rika lake, ilikuwa pongezi: umeshiba, umetunzwa, mambo yako mazuri.

Lakini neno moja linaweza kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, moja kwa msemaji na nyingine kwa msikilizaji. Kwa mama mdogo ilikuwa salamu. Kwa dada yangu ilikuwa ni kutakiwa kuripoti, mbele za watu, kilichotokea tumboni mwake. Kughafilika, katika hali hii, si ukavu wa moyo. Ni kuamini kwamba neno limefika kwa mwenzio na kazi ileile uliyolipa, bila kumtazama usoni uone kama limefika hivyo. Na dada yangu, kila mara, uso ulikuwa unaonyesha.

Tena hata hapa anwani ipo. Tunaye mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hakuna harusi ya ukoo isiyopita mfukoni mwake. Yeye na mkewe wameishi zaidi ya miaka ishirini bila mtoto. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza mbona kimya. Mama mdogo akimsalimia mjomba, anamuuliza habari za duka. Mila haikumkataza kumuuliza la mtoto, wala hakuna aliyemfundisha kunyamaza. Alijua tu. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba ndivyo tulivyo, kwamba sisi ni watu wa kuulizana, naona kuwa tunaulizana kuelekea upande mmoja.

Sasa tufanye nini? Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kumeza. Vijana wanasema "mezea". Wazee wanasema mvumilivu hula mbivu. Wanafalsafa nao wamo. Seneca, katika barua yake ya 56, anaeleza alivyopanga chumba juu ya bafu la umma: wanyanyua vyuma wanaguna, wauza soseji wananadi, mtu anajirusha majini kwa kishindo. Anasema kelele za nje hazina nguvu kama ndani ya mtu pametulia. Ni barua nzuri. Ila mwishoni mwake anasema atahama. Naye alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma; kuhama kwake kulikuwa jambo la kuwaagiza watumishi.

Hapo ndipo ushauri wa kumeza unapovuja. Unafaa kwa mwenye pa kuhamia. Niliwahi kumsikia dada mmoja, aliyevaa sare ya uuguzi na usingizi machoni, akimwomba kijana wa kiti cha mbele apunguze sauti ya simu. Kijana akamjibu bila kugeuka: "Kama hutaki kelele, nunua gari lako." Watu wakacheka, maana ni jibu ambalo mjini hapa kila mtu amelisikia na wengi wamelitumia. Lichunguze kidogo. Linasema utulivu ni bidhaa ya wenye magari, na kwamba aliye kwenye daladala ameshauza haki yake kwa nauli. Mimi nadhani ni kinyume. Mwenye gari anaweza kufunga kioo. Ni sisi tusio na gari tunaohitaji kufikiriana, kwa sababu hatuna kingine cha kuweka kati yetu.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka zaidi. Mzee mmoja mwenye kanzu, aliyekuwa amenyamaza tangu kituo cha kwanza, akasema taratibu, "Mwanangu, huyo ametoka zamu ya usiku. Mpunguzie." Kijana akapunguza. Akasema, "Samahani mzee." Hakumwomba samahani muuguzi. Lakini sauti ilishuka.

Nimeifikiria tofauti ya maombi yale mawili. Maneno yalikuwa yaleyale, na la muuguzi lilikuwa na adabu zaidi, lilianza kwa "samahani kaka, naomba." Kilichotofautiana ni bei. Kwa muuguzi, kusema kulimgharimu kicheko cha gari zima. Kwa mzee, hakukumgharimu kitu. Umri wake ulikuwa umeshamlipia. Tunapojadili nani anapaswa kumwambia mtu anayekera, kwa kawaida tunasema aliyeumia aseme mwenyewe, au ameze. Nadhani tumempa kazi mtu asiye na uwezo wa kuilipia. Anayepaswa kusema ni yule ambaye kusema kwake ni rahisi.

Dada yangu hatimaye alisema mwenyewe. Alimfuata mama mdogo nyumbani kwake, si harusini, akamsaidia kuchambua mchele, kisha akamwambia: "Mama, lile swali naomba usiniulize tena. Siku nikiwa na habari, wewe utakuwa wa kwanza kuijua." Mama mdogo alinyamaza kwa muda. Akasema, "Haya mwanangu, nimesikia." Hakuomba radhi na dada hakuitaka. Mwezi wa nane tulikuwa na harusi tena, dada akaja. Shangazi mmoja kutoka Tanga akamkaribia na sahani yake, akaanza, "Na wewe mbona..." Mama mdogo, aliyekuwa meza ya jirani na mgongo ameuelekeza kwetu, akasema bila kugeuka, "Mwacheni ale."

Maneno mawili, na hakuna aliyeendelea. Dada yangu angeyasema yeye, yangekuwa ugomvi wa ukoo mzima, na kiburi cha kazi ya mumewe kingeongezewa ushahidi. Kwa mama mdogo yalikuwa mepesi kama kufukuza inzi.

Bado nje ya ofisi ile benchi lipo. Wanafunzi wa mwaka huu wameshaanza kusimuliana hadithi zao. Mimi nimebakiza sura moja, na barua yangu ya mapendekezo bado haijaandikwa, kwa hiyo mtu akitaka nimwambie msimamizi wangu kuhusu thamani ya saa tano, ajue ananiomba nilipe bei gani. Lakini mlango wa pili kutoka ule kuna mhadhiri mwingine, rika lake, waliosoma pamoja, wanaokula pamoja karibu kila mchana. Hupita mbele ya benchi letu mara tatu au nne kwa siku. Hutusalimia vizuri sana.